Shimo Lililofukiwa Halijapona



Mwezi uliopita mkulima mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini kuuliza kama yafaa achimbe kisima katika bonde dogo la shamba lake. Alisema udongo wa hapo ni laini na maji hayako mbali. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akamwambia, "Mwanangu, hapo ndipo tulipokuwa tukifukia mapipa ya dawa ya josho, shamba lilipokuwa la mtu mmoja."

Wengi husema, "Hiyo ni takataka ya zamani, imekwisha oza." Mimi sikubali. Samadi na mabua huoza yakawa udongo. Lakini dawa nyingi za josho za zamani zilikuwa na aseniki, na aseniki haiozi. Katika maji haina harufu wala ladha, na kuyachemsha hakuiondoi. Mwenye kuinywa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kupata maradhi ya ngozi, na hata saratani.

Sikilizeni habari za Niagara Falls, Marekani. Tangu mwaka 1942 hadi 1953 kampuni moja ilitupa kiasi cha tani 21,000 za taka za kemikali katika mfereji uitwao Love Canal, ikazifunika kwa udongo, kisha ikaiuzia halmashauri ya shule kiwanja hicho kwa dola moja tu. Hati yenyewe ilitaja kwamba chini mna kemikali. Hata hivyo shule ilijengwa, na nyumba zikafuata. Baadaye sumu ilipenya mpaka ndani ya nyumba. Mwaka 1978 Serikali ilitangaza hali ya hatari, na mamia ya jamaa wakahamishwa. Kweli, rahisi huvunja upishi.

Basi maoni yangu ni haya. Kila kamati ya skimu iwaulize wazee wangali hai, na kila mahali palipofukiwa dawa patiwe alama katika ramani. Msichimbe kisima hapo, msipande mboga, wala msichote udongo wake. Watoto wasichezee hapo. Kama kisima kipo tayari karibu, mwiteni Bwana Afya, maji yapelekwe kwa Mkemia wa Serikali yakapimwe.

Yule mkulima hakufurahi, maana mkewe huteka maji mtoni, mwendo wa nusu saa. Taabu hiyo naijua. Lakini miguu iliyochoka hupona usiku mmoja.