Pipa Si Kiungo

Wako wajuzi wa divai, na wengine ni rafiki zangu, washikao kwamba divai nyekundu haikukamilika mpaka inukie mti. Wakiinua bilauri hutafuta kwanza vanila, kisha moshi, kisha kahawa. Zabibu huulizwa mwisho, kama mwenye nyumba aliyesahauliwa katika karamu yake. Naandika kuyapinga maoni hayo. Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kuonja kinywaji hiki asifunge kitabu, kwani shauri hili ni la ufundi na uamuzi, na asiyekunywa aweza kulipima.

Tuanze na pipa lenyewe. Mwaloni ulipendwa kwa sababu mbao zake hupindika, hazivuji, tena hupenyeza hewa kidogo kidogo, hata ukakasi wa divai changa ukalainika. Kazi hiyo pipa kuukuu laweza kuifanya. Ladha ya mti ni jambo jingine. Fundi huzipinda mbao juu ya moto. Joto huzaa ndani yake harufu ya vanila, na moto ukizidi, ya moshi na mkate uliobabuka. Pipa jipya hutoa harufu hiyo kwa wingi; likitumika mara tatu au nne hubakiwa na kidogo tu. Ukubwa nao una neno. Pipa la Bordeaux, la lita 225, huigusisha kila lita ya divai na mbao nyingi kuliko yafanyavyo mapipa makubwa ya maelfu ya lita. Basi anunuaye mapipa madogo mapya kila mwaka hanunui vyombo. Anunua ladha, na ladha hiyo haikutoka shambani kwake.

Mahali palipoonyesha jambo hili waziwazi ni Barolo, katika vilima vya Piemonte, kaskazini ya Italia. Divai ya huko hufanywa kwa zabibu moja tu, Nebbiolo, yenye ukakasi mwingi, uchachu mwingi, rangi hafifu, na harufu ya waridi na lami. Mwaka 1983 Elio Altare wa La Morra, ambaye alikwisha kuzuru Burgundy na kuona kazi ya huko, alichukua msumeno wa injini akayakata mapipa makubwa ya baba yake. Baba akamnyima urithi. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, aliyefariki mwaka 2005, ambaye lebo yake mashuhuri ilitangaza kwamba hataki pipa dogo wala hamtaki Berlusconi.

Simtukani Altare. Mapipa mengi ya zamani yalikuwa machafu, na uvundo wake uliitwa mila. Alikuwa na haki kudai usafi. Lakini dawa ya pipa chafu ni pipa safi, si vanila.

Watetezi hujibu kwamba mti mpya huleta ulinganifu. Hapo ndipo nigombapo nao hasa. Vitu vipimwavyo katika divai ni ukakasi, uchachu, kileo na utamu wa tunda. Nebbiolo ina ukakasi wake tangu mzabibuni, nazo mbao mpya huja na ukakasi wao. Kitanga kilicholemewa hakisawazishwi kwa kuongezwa jiwe. Vanila huihadaa pua, ulimi haihadai. Nami nimeambiwa mara nyingi, "Ngoja miaka kumi, mti utayeyuka." Nimengoja. Aghalabu kilichoyeyuka ni tunda.

Niliwahi kuandaliwa mjini Alba divai tatu za mashamba matatu. Ya La Morra yapasa kuwa laini, ya Serralunga kali na nzito. Ndivyo udongo ulivyoamua. Sikuweza kuzipambanua. Zote tatu zilisema neno moja, nalo lilitoka kwa seremala. Nilikumbuka insha za wanafunzi wangu wengine, ambao hutia maneno ya Kiarabu yasiyohitajika ili mwalimu asitambue kwamba hawana la kusema.

Lawama zote hutupiwa Robert Parker, Mwamerika aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978 akazipa divai alama kwa mia, naye alipenda divai nzito zilizoiva. Lawama hiyo ni ya uvivu. Alama hazikununua pipa hata moja. Walionunua ni wenye mashamba, kwa hiari yao.

Juu ya hayo, wako wanaolisifu pipa jipya na kuvidharau vibanzi vya mwaloni vitumbukizwavyo katika mitungi ya chuma, ambavyo Umoja wa Ulaya uliviruhusu mwaka 2006. Kwa nini? Pipa la lita 225 hujaza chupa 300 tu, na bei yake ni kubwa. Mfuko wa vibanzi ni rahisi. Ikiwa litakiwalo ni ladha ya mti, basi mwenye vibanzi ametimiza haja hiyohiyo kwa gharama ndogo, wala hastahili kuchekwa na yule aliyelipa zaidi.

Wengi wa Barolo sasa wamepunguza mapipa mapya, na mapipa makubwa yamerudi. Lakini sheria yao hudai miezi 38 ya kutunzwa, 18 kati yake ndani ya mti, bila kuuliza mti huo ni mpya au mkuukuu. Nataka iandikwe juu ya chupa: miezi mingapi, na katika pipa la umri gani. Atakayeona haya kuiandika na atueleze haya hiyo yatoka wapi.