Ushindi Usio Halali



Alitutembelea huku pwani kijana wetu wakili, mzaliwa wa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, akiwa na miaka mitatu kazini. Alitusimulia kesi ya kwanza aliyoshinda huko kwao, ya jamaa wa Kiislamu. Ndugu wa marehemu, wateja wake, walikuwa na karatasi zote za shamba la majani chai. Mjane alikuwa na neno lake tu. "Nilipongezwa," alisema, "ila usingizi sikuupata."

Tulimkumbusha hadithi ya Bibi Ummu Salama (r.a.): Mtume (s.a.w.) alionya kwamba yeye ni mwanadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, basi anayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja, amekatiwa kipande cha moto. Hukumu haihalalishi dhulma.

Mjane mwenye watoto ana thumni yake katika Qur'ani. Na Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimemfungulia mlango wa Kadhi, madhali wahusika wote ni Waislamu na wameridhia.

Kijana amewarudia wateja wake kuwanasihi warejeshe. Enyi wazazi, mnapomwombea mwana ushindi, mtangulizieni dua ya uadilifu.