Kwa Nini Mahindi Chotara Hayazai Mfano Wake

Huenda mkulima mwenye bidii akachagua mahindi makubwa kuliko yote katika shamba lake la mbegu chotara, akayatundika juu ya meko, na msimu ufuatao akayapanda. Mvua ikanyesha vizuri, lakini mashina yakawa mengine marefu, mengine mafupi, na mahindi mengi membamba. Kando yake, viazi vitamu alivyopanda kwa marando vikazaa vile vile kama mwaka uliopita. Hapo muuza mbegu hulaumiwa bure, kwani sababu imo ndani ya mmea wenyewe.

Kila mmea umejengwa kwa seli, ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Mmea hukua kwa seli kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Ndani ya seli ya mhindi mna nyuzi 20 ziitwazo kromosomu, zenye maagizo ya mmea, nusu za baba na nusu za mama. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kila uzi, ili kila seli mpya ipate nyuzi zote. Marando nayo hukua kwa njia hiyo. Kwa hiyo shamba jipya la viazi ni mmea ule ule wa kale uliozidi kukua.

Kuzaa kwa mbegu ni jambo jingine. Katika mbelewele na katika hindi changa, seli za uzazi hutoka na nyuzi 10 tu, mmoja wa kila jozi. Jozi 10 zaweza kugawanywa kwa njia 1,024, tena nyuzi hubadilishana vipande. Kisha kila punje hupata chembe yake ya chavua, iliyopitia unywele wake mmoja. Basi punje za hindi moja ni ndugu, wala si pacha.

Nguvu ya chotara hutokana na kuunganishwa kwa wazazi wa jamaa mbalimbali waliochaguliwa kwa uangalifu. Punje zake zikipandwa tena, muungano ule huvurugika na mavuno hupungua. Ndiyo maana, tangu H611 ilipotolewa Kitale mwaka 1964, wakulima hushauriwa kununua mbegu chotara mpya kila msimu.

Atakaye kujiwekea mbegu na apande aina isiyo chotara, kama Katumani katika nchi kavu, achague kutoka mashina mengi mazuri ya katikati ya shamba. Bei ya mbegu huuma siku moja. Kulima, kupalilia na kuvuna magunzi huuma mwaka mzima.