Kompyuta Nayo Ipige Hodi kwa Adabu

Nakusihi usiufunue ukurasa huu haraka kwa sababu tu umeliona neno kompyuta. Najua wengi wetu tunalisubiri jarida hili kwa ajili ya mashairi na vichekesho. Mimi sina hadithi ndefu. Nina neno moja tu, nalo linahusu hodi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufunza darasani kwamba watu wa pwani hawajitomi tu nyumbani kwa mtu. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji huitikia karibu, na mgeni hujibu kwamba amekaribia, ndipo anapoingia. Akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, hurudi alikotoka. Hakai mlangoni mpaka jua lizame. Siku ile niliona ni somo la kujibia mtihani tu, kumbe lilikuwa linanihusu.

Mashine moja ikitaka kuzungumza na nyingine mtandaoni hufungua kitu kiitwacho soketi. Si ile soketi ya ukutani tunayochomekea pasi. Hii ni ncha ya mazungumzo, kama vile mkono wa simu ulioshikwa na mtu wa upande mmoja. Utaratibu wenyewe ulitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1983 na ungali unatumika. Na ajabu ni kwamba mashine hizo huanza kwa maneno matatu vilevile: ya kwanza hubisha, ya pili huitikia, ya kwanza hukiri kwamba imesikia. Ukurasa wa PHP, lugha iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa hadharani 1995, hufanya hayo kwa amri moja iitwayo fsockopen. Unaitajia jina la mashine unayoiendea na nambari ya mlango, 80 kwa kurasa za kawaida, 443 kwa zile za siri. (Kuna wenzetu wa chama cha kompyuta wanaouita mlango huo "bandari". Bandari iko Kilindini, jamani. Nyumbani hubishwa mlangoni.)

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Mwaka jana, siku ya kufunga shule muhula wa pili, niliruhusiwa kutumia ukurasa nilioandika mwenyewe. Mzazi alikuwa anafika maabara, anataja nambari ya mwanawe, kiranja anabonyeza "Tuma", na alama zinakwenda kwa arafa katika simu ya mzazi. Ukurasa ulikuwa katika seva yetu kuukuu, nayo ilifungua soketi kwa mashine ya kampuni moja ya kutuma arafa. Asubuhi mambo yalikwenda shwari, nami nikatembea kifua mbele. Saa tano hivi mtandao wa nje ukakatika.

Hamadi! Maabara nzima ikakwama. Si arafa tu. Hata mwalimu wa Hesabu, ambaye alikuwa anajaza alama za kidato cha kwanza na hakuhitaji mtandao wa nje hata kidogo, alibaki akikodolea macho ukurasa mweupe. Nje, foleni ya wazazi ilifika kwenye bomba la maji. Mama mmoja aliyetoka Moiben alfajiri, na kibarua chake kilikuwa kinamngoja, aliondoka bila kuona alama za bintiye. Hilo liliniuma kuliko kelele zote nilizopigiwa.

Watu walinihurumia. "Si kosa lako, ni network," waliniambia, na hata mwalimu mmoja ninayemheshimu alisema hivyo. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na ndiyo sababu nimeandika makala haya.

Miaka ya nyuma hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, nchi yetu ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi, na hodi pamoja na itikio lake vilichukua nusu sekunde kwa safari tu. Hata ujumbe wa kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda nyingine ya papo hapo Nairobi ulizungukia ng'ambo. Kituo cha KIXP, kilichojengwa ili kampuni hizo zikutane hapa nyumbani, kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa amri baada ya siku chache, kikafunguliwa tena Februari 2002. Lakini hata baada ya nyaya kuja, Mei 2024 mbili kati yake, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu baharini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki yote. Kwa hivyo kukatika kwa mtandao si ajabu wala bahati mbaya. Ni jambo ambalo mwandishi wa programu anapaswa kulitarajia, kama vile mkulima wa hapa Uasin Gishu anavyotarajia mvua ya mawe. Mimi sikulitarajia.

Kosa lilikuwa hili. Mashine iliyo hai na isiyokutaka hukujibu mara moja kwamba mlango umefungwa, nawe unaondoka. Ubaya ni kimya. Ukiwa hukuiambia PHP ingoje kwa muda gani, kwa kawaida hungoja sekunde 60. Nilidhani nina kinga, kwa sababu PHP ina kikomo kingine cha sekunde 30 kwa ukurasa mzima. Kumbe katika Linux kikomo hicho hakihesabu muda ambao programu imekaa ikingoja soketi! Na seva yetu, kwa uchache wa kumbukumbu, ilikuwa imewekewa wahudumu kumi tu. Viranja walibonyeza "Tuma", wakaona kimya, wakabonyeza tena na tena. Wahudumu wote kumi wakawa wamesimama kwenye mlango wa mtu asiyeitika, na mwalimu wa Hesabu akakosa wa kumhudumia. Ni kama matatu zote za Kapsoya zikatae kutoka steji zikimngoja abiria mmoja aliyesema anakuja.

Usiku ule nikaweka kikomo cha sekunde tatu ndani ya fsockopen, nikalala nikijiona fundi. Jumatatu tulipojaribu, ikakwama tena. Nilikuwa sijasoma vizuri. Kikomo kile ni cha hodi peke yake. Mwenyeji akiisha kukukaribisha kisha akaingia jikoni asirudi, unahitaji kikomo cha pili, cha kusoma, kiitwacho stream_set_timeout. Mifano mingi tunayonakiliana katika chama cha kompyuta haina hata kimoja. Huishia pale mlango unapofunguka, kana kwamba kila mwenyeji ni mwungwana.

Kuna mwenzangu wa kidato cha nne aliyenishauri niweke dakika tano, ati uvumilivu huvuta heri. Nakataa. Uvumilivu huo haulipwi na mimi, unalipwa na mama wa Moiben.

Siku hizi ukurasa wetu ukishindwa kwa sekunde tatu za kubisha au tano za kusoma, huiweka arafa katika foleni, humwambia kiranja wazi kwamba haijatumwa, na programu nyingine ndogo huamka kila baada ya dakika tano kuijaribu tena. Hapo napo pana mtego, maana ukiacha kungoja jibu hujui kama ujumbe ulifika au la. Baba mmoja wa Langas aliletewa alama zilezile mara tatu, akafika shuleni kuuliza mwanawe amefanya mitihani mingapi. Tulicheka, lakini ingekuwa ni malipo ya karo hakuna ambaye angecheka. Sasa kila arafa ina nambari yake, na upande wa pili hukataa nambari uliyokwisha kuipokea.

Ombi langu kwa chama cha kompyuta ni kwamba mfano wa soketi usiofundisha vikomo vyote viwili usibandikwe tena ukutani. Na walimu wanaotusahihisha miradi yetu wasiitazame ikifanya kazi tu, waitazame ikinyimwa jibu. Jumatano baada ya masomo ya jioni mwalimu wa kompyuta ameahidi kuizuia njia kwenye ruta, seva yetu ibishe na isijibiwe lolote, huku mwalimu wa Hesabu akijaza alama zake. Mlango wa maabara utakuwa wazi. Mje na saa zenu.