Mgodi Ukifungwa, Tutabaki na Nini?





Mwaka 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilipita dola 4,000 kwa wakia moja, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Kwa halmashauri zilizo jirani na migodi, kuanzia Geita hadi Kahama na Tarime, bei kubwa ina maana ya ushuru mwingi zaidi. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, Tume ya Haki na Amani inapenda kuwauliza waamini wote swali moja: je, fedha hii ni fedha ya namna gani?

Mkulima auzapo pamba hubaki na shamba lake. Mvua zijazo atapanda tena. Lakini auzapo shamba lenyewe, fedha aliyopata si mavuno, bali ni shamba lililogeuka kuwa noti. Akiila yote, wanawe hawatakuwa na mahali pa kulima. Dhahabu hufanana na shamba lililouzwa, kwa maana ikishachimbwa haioti tena. Kwa hiyo fedha inayotokana nayo ni urithi uliobadilika sura, na wenye urithi huo ni pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Halmashauri inayoitumia kwa posho, semina na mafuta ya magari inakula shamba, hata kama hakuna senti moja iliyoibwa na kila hati ya malipo imetiwa sahihi.

Hayo si mambo ya kufikirika. Mgodi wa Golden Pride wa Nzega ulianza kuzalisha mwaka 1998, ukiwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya dhahabu ya kipindi hiki. Baada ya miaka kama 15 tu ulikuwa umekwisha. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza kidato cha sita ulipofungwa. Mgodi ukisimama, ushuru wake hukoma, mama lishe hukosa wateja na vyumba vya kupanga hubaki vitupu. Lakini zahanati na shule zilizojengwa zinaendelea kuhitaji dawa, walimu na matengenezo.

Tukumbuke pia kwamba haki hii ilipiganiwa. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilizipa halmashauri uwezo wa kutoza ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini chini ya mikataba ya miaka ya 1990, baadhi ya kampuni kubwa zililipa kiasi maalumu cha dola 200,000 kwa mwaka. Tupige hesabu: mgodi unaouza dhahabu ya dola milioni 300 kwa mwaka, kwa asilimia 0.3, ungelipa dola 900,000. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa kwa pamoja taarifa iliyohoji faida ambayo taifa linapata katika dhahabu. Mwaka 2017 sheria zilibadilishwa: mrabaha wa dhahabu unaokwenda Serikali Kuu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na kampuni zikatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kuufikisha kwenye halmashauri. Sauti za raia zimechangia kuifikisha fedha mezani. Sasa yatupasa kuuliza inatumiwaje.

Yosefu alipofasiri ndoto ya Farao hakuishia kutabiri njaa. Alipendekeza utaratibu wa utawala: kutenga sehemu moja ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, na kumweka mtu mwenye busara wa kuisimamia. Nasi tumekwisha kuona jinsi shibe inavyopita. Mwaka 2011 wakia moja ilizidi dola 1,900. Mwishoni mwa mwaka 2013 ilikuwa karibu dola 1,200. Botswana iliunda mfuko wake wa akiba, uitwao Pula, mwaka 1994, na biashara ya almasi ilipodorora miaka ya karibuni ilikuwa na akiba ya kuchota. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2015 iliweka mfuko wa mapato ya mafuta na gesi, lakini haihusu dhahabu.

Basi tufanye nini? Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana walau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Twendeni huko, tukaulize kwa adabu lakini bila woga. Kwanza, ushuru wa mgodi umeandikwa peke yake ubaoni, au umechanganywa na mapato mengine? Pili, ni sehemu gani iliyowekwa katika vitu vitakavyoishi kuliko mgodi: maji, ufundi kwa vijana, umwagiliaji, upimaji wa ardhi? Tatu, maboma ya madarasa yaliyoachwa bila paa yatakamilishwa lini, kabla ya mengine kuanzishwa? Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa Bungeni kila mwaka. Viongozi wa walei wenye elimu wazisome na kuwaeleza wenzao katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Lakini hatuwezi kudai kwa wengine tusiyoyafanya nyumbani kwetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo mali ya parokia haimo nje ya methali hiyo. Hesabu za sadaka na zaka zisomwe mbele ya waamini. Na parokia inapopokea mabati au saruji kutoka mgodini, ipokee hadharani na kuandika, huku ikijiuliza: je, kesho tutaweza kusema ukweli juu ya aliyetupatia? Kama hatuwezi, tumeyanunua mabati hayo kwa bei kubwa mno.

Kanisa hufundisha kwamba Mungu aliikusudia mali ya dunia iwafae watu wote. Wote ni pamoja na wale watakaosimama kando ya shimo lililofungwa na kuuliza wazazi wao walifanya nini. Bwana atujalie hekima ya kuwaandalia jibu la kweli wakati shibe ingalipo.