Wenye ardhi waulizwe kwanza

Agosti 1903, mjini Basel, Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, aliuarifu Mkutano wao Mkuu kwamba Uingereza iko tayari kuwapa Wayahudi, waliokuwa wakiuawa Urusi, makazi Afrika Mashariki; baadaye zilitajwa nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wanandi na Wamaasai waliolisha mifugo huko hawakuulizwa. Mwaka 1905 mkutano ulikataa, ukashikilia Palestina, nako kulikuwa na wenyeji. Israel ilitangazwa huko 1948, na mgogoro wa ardhi na Wapalestina haujaisha.

Sisi wakulima na wafugaji wa Bariadi, katika mkoa wa Simiyu, Tanzania, unaopakana na Hifadhi ya Serengeti, tunaujua uzito wa mpaka. Dhiki ya Wayahudi ilikuwa ya kweli, na haki ya wenyeji ni ya kweli vilevile. Serikali yoyote inayogawa ardhi, Simiyu au ng'ambo, iwasikilize kwanza wanaoishi juu yake.