Usifute safu usiyoweza kuisoma

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kosa la kuungama, na nina maoni yaliyozaliwa na kosa hilo. Kama kazi yako ni kusafisha data za watu wengine, kaa nami kidogo. Kama si kazi yako kaa pia, maana humu mna mambo ya makaburi ambayo mimi sikuyajua hadi nilipoyavuruga.

Mwaka jana nilipata kibarua cha mtandaoni. Mwenye kazi ni mzee mmoja Mmarekani, Myahudi, mstaafu anayetafuta historia ya ukoo wake. Yeye na wenzake wa kujitolea walikuwa wamepiga picha mawe ya makaburi katika sehemu moja ya makaburi ya Kiyahudi jijini New York, wakanakili maandishi yake, kisha wakachapa kwenye jedwali kitabu cha zamani cha chama kilichoinunua sehemu hiyo. Mistari elfu tatu na ushee. Nilitakiwa niunganishe orodha hizo mbili, niondoe marudio, niweke kisanduku cha kutafutia majina. Nilikadiria siku nne. Nikamaliza kwa mbili, nikajipongeza kwa chapati madondo.

Kwanza niwaeleze kuhusu hicho chama, maana ndicho kilichonivutia. Wayahudi waliohamia New York kutoka Ulaya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliunda vyama kwa kufuata miji waliyotoka. Waliviita landsmanshaftn. Sisi hatuhitaji kamusi: ni vyama vya kufa na kuzikana. Mwanachama alitoa ada, akiugua akasaidiwa, akifa akazikwa kwenye kipande ambacho chama kilikuwa kimekinunua ndani ya makaburi makubwa kama Mount Zion au Mount Hebron huko Queens. Mara nyingi kipande hicho kina lango lake la mawe, na juu ya lango pameandikwa jina la chama, ambalo ndani yake mna jina la mji wa kwao. Fikiria faida yake. Karatasi za serikali huenda zinasema tu kwamba marehemu alizaliwa "Urusi", nchi ambayo wakati huo ilimeza nusu ya ramani. Lango linakutajia mji wenyewe.

Maskini wasio na chama nao hawakutupwa. Tangu 1888 kuna shirika liitwalo Hebrew Free Burial Association linalozika bure Wayahudi wasio na uwezo, na daftari zake leo zinaweza kutafutwa kwenye intaneti. Humo wamo 22 kati ya wafanyakazi waliokufa katika moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle mwaka 1911.

Haya, turudi kwa jiwe. Jiwe la kaburi la Kiyahudi mara nyingi lina lugha mbili. Kwa Kiingereza utakuta jina la mjini, tuseme Harry, na tarehe. Kwa Kiebrania utakuta herufi mbili juu, Pe na Nun, kifupi cha "hapa amezikwa", kisha jina la dini, ambalo huenda halifanani na Harry hata kidogo, kisha neno ben au bat, kisha jina la baba. Ben ni bin yetu. Bat ni binti. Ndiyo kusema kila kaburi lililoandikwa hivyo linakupa vizazi viwili kwa mpigo. Picha ya mikono miwili imenyooshwa inakuambia marehemu alikuwa wa ukoo wa makuhani, na picha ya mtungi wa maji inakuambia alikuwa Mlawi. Cheti cha kifo nacho hutaja baba, lakini aliyetoa habari huenda alikuwa jirani, na jirani akikwama huandikwa "hajulikani".

Sasa kosa. Nilipofungua faili, safu ya Kiebrania ilikuwa imegeuka alama za kuuliza kutoka juu hadi chini. Mtu mahali fulani alikuwa amehifadhi faili kwa mfumo wa herufi usiojua Kiebrania. Nilikuwa na njia mbili: kuomba faili la awali, au kufuta safu. Nilitazama zile alama za kuuliza, nikatazama saa, nikafuta. Nilijiambia kwamba majina ya Kiingereza yapo, yanatosha.

Kosa la pili ni la tarehe. Mawe mengine hayana tarehe ya Kiingereza. Wale wa kujitolea walikuwa wametafsiri mwaka wa Kiebrania kuwa tarakimu katika safu nyingine, na hiyo ilinusurika. Mwaka huandikwa kwa herufi zenye thamani ya namba, na kwa kawaida elfu tano za mwanzo huachwa: 5679 inaandikwa 679. Nilisoma mahali kwamba ukiongeza 1240 unapata mwaka wetu. 679 na 1240 ni 1919. Safi! Nikaandika mstari mmoja wa msimbo nikaendelea. Ambacho sikusoma hadi mwisho ni kwamba mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo miezi yake ya mwanzo, Tishri, Heshvan na Kislev, huangukia mwaka wetu uliotangulia. Heshvan ya 5679 ni Oktoba 1918. Programu yangu iliwasogeza mbele kwa mwaka mzima watu wote waliokufa miezi hiyo.

Tena kuna jambo la magharibi: siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, hivyo aliyekufa jioni anaandikiwa tarehe ya kesho. Watu wa Pwani hawatashangaa, kwao usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Mimi nilikulia bara.

Sasa unganisha hayo makosa mawili. Katika sehemu ile walizikwa Abraham wawili wa ukoo mmoja. Majina haya ya kwanza nimeyabadilisha, na jina la ukoo naliacha. Mmoja alikuwa Avraham ben Yaakov, aliyekufa Oktoba 1918, mwezi ambao homa kubwa iliua watu wengi kuliko mwezi mwingine wowote huko Marekani. Wa pili alikuwa Avraham ben David, aliyekufa kabla ya kiangazi cha 1919. Binamu. Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki huwapa watoto majina ya jamaa waliokwisha kufa, kwa hiyo babu akifa wanawe wote huweza kumrudisha kwa jina, na binamu wanaishia kuitwa jina moja. Safu ya baba nilikuwa nimeifuta. Mwaka niliukosea. Programu ikaona Abraham na Abraham, ukoo ule ule, 1919 na 1919, ikasema haya ni marudio. Ikabakisha mstari wa mmoja na kujazia namba ya kaburi la mwingine.

Kinachonichoma ni kwamba mimi mwenyewe nina binamu wawili wenye jina langu. Sote tumeitwa kwa babu mmoja, kama desturi yetu ilivyo. Programu yangu ingenifuta mimi.

Yule mzee alikuwa akimtafuta baba ya bibi yake. Bibi alikuwa akisema hadi kufa kwake kwamba baba yake alichukuliwa na homa mwaka 1918, majani yakipukutika. Programu ikasema 1919. Mzee akaniandikia barua pepe ya shukrani, akasema kumbe bibi alichanganya, si ajabu, alikuwa mtoto mdogo. Akasafiri na mjukuu wake hadi kaburi ambalo programu ilimwonyesha, akaweka kijiwe juu ya jiwe kama wafanyavyo, akapiga picha akawatumia wenzake. Mama mmoja aliyekuwa amenakili mawe yale akaikuza ile picha na kusoma Kiebrania chake. Jiwe lilisema ben David. Na kaka mkubwa wa yule bibi, aliyezaliwa New York, aliitwa Jacob, yaani Yaakov, jina la babu aliyekufa kabla yake. Bibi hakukosea. Niliyekosea ni mimi, na kompyuta ilinisaidia kumfanya mtu amkane bibi yake.

Maoni yangu basi ni haya: kwenye rekodi za makaburi, kazi ya kwanza ya programu ni kutunza kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, na kutafuta kuwe kazi ya pili inayofanyika pembeni. Najua watapinga. Wenzangu kazini wameniambia kwamba mtumiaji anataka jibu moja, hataki mistari mitatu inayogongana. Kwa duka la viatu nakubali. Kwa wafu nakataa, maana marehemu hawezi kupiga simu kwa huduma za wateja kulalamika kwamba amekuwa mtu mwingine.

Waliotutangulia walilijua hili. Soundex ya zamani, iliyopewa hataza mwaka 1918, hugeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina yanayosikika sawa yapatikane pamoja. Lakini ilitungwa kwa masikio ya Kiingereza. Moskowitz inapata M232 na Moskovitz inapata M213, ilhali kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki ni jina lile lile, maana hiyo w hutamkwa kama v. Mwaka 1985 Gary Mokotoff, akishughulika na orodha ya watu wapatao 28,000 waliobadili majina huko Palestina chini ya Waingereza, alitunga mfumo mwingine, na Randy Daitch akauboresha. Kwa mfumo huo majina yote mawili ni 645740. Herufi zenye utata kama ch hupewa namba zaidi ya moja, yaani mfumo wenyewe unakiri kwamba haujui na unajaribu njia zote mbili. Napenda sana unyenyekevu huo ndani ya msimbo. Na zaidi: jina la asili haliguswi, namba inakaa kando yake. JewishGen, ambayo ina hifadhidata ya makaburi ya Kiyahudi ya dunia nzima yenye mamilioni ya majina, hutumia mfumo huo kutafutia.

Kuna na Stephen Morse. Wapenzi wa vifaa mnamjua bila kujua kwamba mnamjua: ndiye aliyesanifu prosesa ya Intel 8086 iliyotoka 1978, mama wa ukoo mzima wa x86. Mzee huyo baadaye alijenga kurasa za bure za kuwasaidia watafutaji wa koo, zikiwemo za kubadili tarehe za Kiebrania na za kumsaidia asiyejua Kiebrania kusoma jiwe herufi kwa herufi. Kikokotoo chake kingeniokoa, kilikuwa pale pale, na mimi nikachagua kujumlisha 1240 kwa kichwa.

Na karatasi zisidharauliwe. Makaburi ya Weißensee huko Berlin, yaliyofunguliwa 1880, yana makaburi zaidi ya 115,000, na daftari zake zilipita salama katika miaka ya Wanazi. Jiwe likianguka au likimezwa na mimea, karani wa wakati ule bado anakupeleka mahali penyewe. Ndiyo sababu kitabu cha chama na picha ya jiwe vinapaswa kubaki mistari miwili tofauti, hata vikimhusu mtu mmoja, kila kimoja na chanzo chake.

Niliomba faili la awali. Lilikuwepo muda wote kwenye kompyuta ya yule mama, Kiebrania chake kikiwa kizima. Nimeijenga programu upya bila malipo. Haiunganishi tena chochote: inaweka mistari inayofanana karibu karibu, pamoja na picha ya jiwe, na anayetaka kuamua anaamua na kuandika kwa nini. Kuna jozi 41 ambazo hakuna aliyeweza kuziamua bado, na zimeachwa hivyo. Mzee alirudi makaburini mwezi wa Heshvan. Aliniambia hakukiondoa kile kijiwe cha kwanza, maana binamu naye ni mtu, na huenda hakuwa ametembelewa kwa miaka mingi.